Mgonjwa wa Mazoezi

Mambo yalianzia kwenye maharage. Mwaka wa pili wa shahada ya famasia tulifundishwa kutoa dawa kwa utaratibu: kwanza umuulize mgonjwa maswali, kisha uhesabu vidonge kwa kisu butu, vitano vitano, bila kuvigusa kwa vidole, kisha umweleze namna ya kuvimeza mpaka naye akurudishie maelezo kwa mdomo wake. Chuoni kaunta ya mazoezi ilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi kama siafu. Kwa hiyo nikawa nafanyia mazoezi nyumbani, kwa sahani ya bati na maharage, na mgonjwa wangu alikuwa mama mkwe.

Aliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Leo goti, kesho kizunguzungu, keshokutwa anashika kiuno na kuniambia ana mimba, tena ya mapacha. Nikiruka swali, ananirudisha. Tulicheka sana siku zile.

Tulikuwa tunaishi kwake, mimi na binti yangu ambaye tulimwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata usingizini. Mume wangu ni dereva wa lori, kwake nyumbani ni pale anapoegesha. Nilipopata nafasi ya chuo katika mji wa mama yake, tulisema Mungu si Athumani, bibi atakaa na mjukuu. Sekondari niliimaliza kwa masomo ya jioni, tumbo likiwa limegusa dawati, na nafasi ile niliishika kwa mikono miwili. Mama mkwe akikaa na mtoto, nasoma. Asipokaa, sisomi. Maisha yangu yote yalining'inia kwenye mgongo wa mama huyo.

Kumbe kwake si yote yaliyokuwa maigizo: goti lilikuwa likimuuma kweli. Kwa akili yake nilikuwa nimemtibu, nalo likapona. Akawaambia majirani. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, wanakaa kwenye benchi la ukumbini na kuniita daktari. Nikiwaelekeza waende zahanati, wanacheka wakidhani naringa, na siku hiyo mama mkwe ananikabidhi Chiriku mlangoni akiwa na nepi iliyolowa. "Mpokee mwanao," basi.

Mhadhiri wetu wa utoaji dawa alikuwa na usemi wake. Alituambia kwamba mpaka siku tutakayosajiliwa, mikono yetu ni ya chuo. Mwanafunzi atakayempa mtu dawa mtaani, hata kidonge kimoja, avue koti na arudi kwao. Wala hakuwa mtu wa utani.

Siku moja kabla ya mtihani wa vitendo nilirudi alasiri nikamkuta Fundi sebuleni. Ni mshonaji wa mtaa wa pili, shoga wa mama mkwe tangu wote wawili wakiwa wasichana. Miguu yake ilikuwa juu ya kigoda, imevimba hadi mikanda ya ndala imezama nyamani. Mama mkwe alikuwa ameshapanga kila kitu: sahani ya bati, kisu, na kopo la vidonge vyake mwenyewe, vile vya kupunguza maji mwilini alivyoandikiwa kwa ajili ya presha. Kazi yangu ni kuhesabu tu vya kumtosha shoga yake wiki nzima.

Nilimvutia mama mkwe jikoni nikamwambia siwezi. Akasema angekuwa ameshampa mwenyewe zamani, ila vidonge vikitoka mkononi mwake ni umbea. Vikitoka mkononi mwangu ni dawa.

"Mama, wakinikamata wananifukuza."

"Nani wa kukukamata, paka?"

Nikamweleza tena, taratibu. Akafuta mikono kwenye gauni lake.

"Sawa. Basi na mimi kesho nina safari zangu. Mwanao utajua pa kumweka."

Mtihani ulikuwa asubuhi, na mlango wa maabara ukishafungwa haufunguliwi. Mtoto haruhusiwi humo ndani, kuna kemikali. Nikikosa, narudia mwaka, na nikirudia mwaka nitakuwa bado nimekaa jikoni mle mle, na mama yule yule. Nilimpigia mume wangu. Katikati ya kelele za injini nilimsikia akisema nimkubalie mama tu, vidonge si vyangu, mimi ni kama karani.

Nikarudi sebuleni. Nikaketi, Chiriku akanipandia mapajani na kutafuta ziwa. Nikashika kisu kwa mkono uliobaki. Vitano. Vitano. Mkono ulikuwa mwepesi, na wepesi huo ndio ulioniuma.

"Hujamuuliza," mama mkwe akasema.

"Nini, mama?"

"Maswali. Unahesabu hujauliza. Kesho utafeli hivyo hivyo." Akamgeukia mwenzake, akainamisha kichwa upande kama ninavyofanya mimi, akalegeza sauti kama yangu. "Shoga, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

Fundi akasema hana. Labda vile vya njano vya mgongo, maana cherehani inamvunja. Na vile vyekundu vya dukani vya magoti, ambavyo si dawa, anavitafuna kama karanga. Na vya presha vya hospitali, ila hivyo anaviacha siku asipoisikia presha yenyewe. Alikuwa akizungumza huku akivimwaga kutoka kwenye mkoba.

Vya njano na vyekundu ni ukoo mmoja, dawa za maumivu. Zikizidi, mwili unashika maji, presha inapanda, figo zinachoka. Punda ameshapiga magoti, nasi tulikuwa tunamwongezea gunia.

Nilivirudisha vidonge koponi kwa ncha ya kisu. Nikamsihi Fundi asiviguse tena vile vya maumivu, na alfajiri aende zahanati na kila alichokimwaga pale. Akateremsha miguu kutoka kwenye kigoda.

"Yaani unasoma miaka yote hiyo uje uniambie niende zahanati? Hilo hata kuku angeniambia."

Akaondoka amebeba ndala mkononi. Mama mkwe alilifungia kopo kabatini.

Asubuhi nilimkuta ameshavaa, mkoba begani. Chiriku alikuwa mgongoni kwake, ameoshwa uso. Nikanyoosha mikono nimpokee. Akarudi nyuma hatua.

"Unampeleka wapi, mama?"

"Zahanati, na Fundi. Miguu imezidi. Unadhani nataka kumzika shoga yangu kwa vidonge vyangu mwenyewe?" Akakaza mbeleko. "Nenda kwenye mtihani wako."

Nilikimbia. Mhadhiri alikaa mbele ya kaunta akijifanya mgonjwa wa homa, nami nikamuuliza yote. Aliposema hatumii dawa nyingine, nikamuuliza za dukani, na za kuazima kwa rafiki je? Akainua macho kutoka kwenye karatasi yake, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Nilitoka nikitembea kama mtu aliyetua ndoo.

Nyumbani, benchi lilikuwa limejaa, na wengine wamekaa sakafuni. Kila mmoja alikuwa amepakata mfuko wa plastiki uliojaa vidonge na chupa. Fundi alikuwa katikati, miguu juu ya kigoda, akiwasimulia jinsi zahanati walivyomnyang'anya vya njano na vyekundu, sawasawa na mkwe wa shoga yake alivyosema.

Nikamwita mama mkwe pembeni. Nikamwambia sitampa mtu dawa, si leo wala kesho.

"Nani kakwambia utoe?" akasema. "Utawauliza tu. Kwani kuuliza nako kunataka cheti?"

Chiriku aliniona, akaanza kupiga kelele zake. Nilimchukua nikiwa bado na koti jeupe.

"Mpisheni," mama mkwe akawaambia. "Ananyonyesha kwanza."

Wakanisogezea nafasi kwenye benchi, nami nikakaa. Mlango wa chumba changu ulikuwa nyuma yao wote, na hapakuwa na pa kupita.