Aya Mbili za Danstan

Aya mbili zilimtosha Esperansia. Alizisoma kwenye simu akiwa amesimama nje ya ofisi ya kata, Kasulo, damu ikamchemka, akaizima simu. Hadithi ile ilikuwa yake!

Yeye na Danstan waliajiriwa na kampuni moja kubwa ya teknolojia, yenye makao makuu Dar es Salaam, iliyotengeneza Zizi, programu ya simu ya wafugaji. Yeye alihudumia wilaya ya Ngara, Danstan ya Biharamulo. Zizi ilianza kwa kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi. Hilo ni swali la watu wasiowahi kulala jirani na ng'ombe! Wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku hawataji idadi ya mifugo yao hadharani, na mgeni mwenye adabu haulizi, maana ni kuliitia kundi mikosi. Basi wakajaza uongo. Mwenye sitini aliandika wanne, na Zizi ikamshauri kana kwamba anafuga uani.

Esperansia ndiye aliyeligundua hilo, nyumbani kwa mzee Jeremia, mmoja wa wafugaji hao. Aliandika ripoti ya kurasa sita, makao makuu wakaikalia. Siku moja akamlalamikia Danstan kwa simu. Danstan naye akaandika kwenye blogu ya kampuni: "Tulikosa Adabu." Wafugaji walicheka, wakasamehe, wakarudi kujisajili. Swali likaondolewa. Na picha ya Danstan, meno yote nje, ikapamba ukurasa.

Wivu ulimkaba. Asubuhi alifungua ukurasa kutazama maoni yamefika mangapi, mchana akatazama tena, kila mara akikwepa kusoma habari yenyewe. Danstan alipomtumia ujumbe mara tatu, hakufungua hata mmoja. Anataka kunitambia, alijisemea.

Ijumaa kukawa na kikao cha mtandaoni: blogu iendelee au ifungwe? Modestus, mwanasheria, hakutaka kampuni kubwa kama yao ianike makosa yake mbele ya washindani. Anneth wa mawasiliano akambishia. "Miaka yote tumejisifu na hakuna aliyetusikiliza," alisema. "Tumekiri kosa mara moja tu, watu wametuamini."

Mkurugenzi akasema, "Tuwasikie walioko kwa wafugaji. Esperansia?"

Ukweli aliujua. Lakini kwenye kioo cha simu aliiona sura ya Danstan ikimtabasamia, akashindwa kuuvumilia uso ule.

"Wafugaji wa huku wanatudharau," alisema. "Wanasema kumbe kampuni haijui kazi. Ifungwe."

Hakuna mfugaji aliyesema hivyo.

"Wewe, Esperansia?" Anneth aliuliza. "Wewe ndiye wa kusema hivyo?"

"Nashukuru, dada," Danstan alisema, akaondoka kikaoni. Jumamosi blogu ikafutwa, na Esperansia akala chakula cha mchana kwa hamu ambayo hakuwa nayo wiki nzima.

Jumatatu alikwenda kwa mzee Jeremia. Alikuta majirani wamejaa uani, simu mikononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mwandishi!"

Mzee alichomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake Happyness, mwalimu wa Keza, alikuwa amemchapishia habari ya Danstan kabla haijafutwa. Esperansia akaipokea. Safari hii aliruka aya mbili za mwanzo, akashuka hadi mwisho.

"Haya nimefundishwa na mwenzangu Esperansia wa Ngara. Aliyaona kabla yetu sote, akayaandika, tukampuuza. Nimeomba ukurasa huu uwe wake. Kuanzia Jumatatu ijayo mtamsoma yeye."

Aibu ilimpanda hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliyemchukia hakuwa Danstan.

"Jumatatu si ndiyo leo?" aliuliza mzee Jeremia. "Tangu asubuhi tunatafuta habari yako kwenye simu, hatuioni."

Watu wote walimgeukia.

"Mtandao unasumbua, baba," alisema.

"Basi tutangoja," mzee akajibu, akamsogezea kigoda.