Nyumba Ina Mwenyewe Ndani

Tuseme ukweli, nyumba yenyewe ilikuwa ya kutia huruma. Vyumba viwili na jiko nyuma ya soko la Muhoroni, mabati yameliwa na kutu, plasta inabanduka, na mlango wa uani umevimba kwa mvua, kuufungua mpaka utumie bega. Lakini hati ilikuwa safi, na Naeema, aliyeirithi kwa mama yake, hakutaka makuu. Alitaka kuachana nayo tu. Wanunuzi watatu walishakuja, wakatazama, wakaondoka mbio kuliko walivyokuja, na hakuna hata mmoja aliyepokea simu tena.

Naeema alijua kwa nini. Ah, alijua sana!

Miaka minane nyuma, kaka yake Badru alikufa maji kule Usenge, mashua ya kuvulia dagaa wa omena ilipopinduka ziwani. Waislamu wa huko wakamzika jioni ile ile. Mwenzake wa mashuani, Okello, ndiye aliyemletea Naeema habari kwenye kibanda chake cha vitambaa, Manyatta, Kisumu. Naeema akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akapanda gari kwenda Muhoroni kumwambia mama. Njiani yakamjia maneno ya daktari: huyu mama ana presha mbaya, asishtuliwe kwa lolote. Akamkuta Bi Saumu anachambua mchele.

"Badru hajambo?" mama akauliza.

"Hajambo, Mama."

Basi, likapita hilo. Na nani hajawahi kumficha mzazi mwenye presha? Unajiambia, nitamwambia wiki ijayo akipata nafuu. Wiki ikawa mwezi. Idd ikafika, na Naeema, sijui shetani gani alimwingia, akanunua leso akasema imetoka kwa Badru. Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, maana Idd iliyofuata ilibidi anunue nyingine. Na Bi Saumu, kila mchana king'ora cha kiwanda cha sukari kikilia, akawa anapakua sahani moja zaidi na kuifunika kawa. "Huyu mtoto hatoi taarifa," alisema. "Atatokea tu siku moja na njaa zake." Miaka minane! Alikufa anamngoja, na hakuna aliyewahi kumsomea Badru hata hitima moja.

Mnunuzi wa nne alikuwa Wepukhulu, fundi wa mitambo, aliyekuja na mkewe Jentrix Jumamosi moja saa sita na nusu mchana. Wepukhulu akagonga kuta, akatikisa nguzo, akainua macho kwenye mabati.

"Hii si kazi kubwa," akasema. "Simiti, mbao kidogo, mabati mapya. Krismasi tuko ndani."

Jentrix alikuwa ameingia jikoni. King'ora kikalia. Mara pakanuka vitunguu vya kukaangwa, na jiko lile lilikuwa halijawashwa miezi minne. Jentrix akatoka polepole, amejishika kifua.

"Dada, huyo mama wa jikoni ni mpangaji?"

"Jikoni hakuna mtu," Naeema akajibu.

"Yuko. Ameniuliza kama Badru amefika. Nikamwambia mimi simjui Badru. Akaniambia nikae ningoje."

Wepukhulu akacheka. "Jentrix, hiyo ni njaa." Halafu harufu ikamfikia naye, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Nyumba nimeipenda," Jentrix akasema. "Ukuta tutapiga plasta, mabati tutabadilisha. Lakini mimi siwezi nunua nyumba iko na mwenyewe ndani. Enda uongee na yeye. Sisi tunangoja kwa gate."

Naeema alibaki amesimama. Alitamani akimbie, apande gari la kwanza arudi Manyatta, nyumba ianguke yenyewe. Lakini alikuwa amechoka. Miaka minane ya kutunga uongo inachosha, wallahi. Na alimwonea mama yake uchungu, anayepika mpaka kaburini. Akaingia.

Hapakuwa na mtu. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa, na alipoigusa ile kawa ilikuwa na joto. Akavuta kigoda, akakaa.

"Mama," akasema, "Badru amekufa. Alikufa maji, tangu mwaka ule. Zile leso nilinunua mimi. Mwanzo nilikuogopea wewe, halafu nikaanza kujiogopea mimi. Usimpakulie tena, Mama. Haji. Nisamehe."

Kisha kilio kikapasuka pale mezani, kilio cha mwanamke aliyefiwa sasa hivi. "Mwanangu! Mwanangu Badru! Uwii, mwanangu!" Naeema akaziba masikio na kilio kikaingia vile vile.

Soko zima lilisikia. Wanawake wakaacha biashara wakaja wamejifunga leso viunoni, mbele yao Rosa, jirani muuza nyanya. Rosa alikuwepo siku Bi Saumu alipozikwa, na sauti ile aliijua. Akasita mlangoni, lakini msiba ni msiba, akaingia.

"Nani amefariki?"

"Badru," Naeema akasema. "Badru wetu. Miaka minane sasa."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Rosa akamtazama kama hamjui. Akatandika mkeka chumba cha mbele, wanawake wakakaa, na mmoja akamvuta Naeema mkono akamkalisha katikati yao. Jentrix naye akavua viatu, akaketi.

Baada ya muda Wepukhulu akachungulia mlangoni. Akamnong'oneza mkewe kama amwite fundi Jumatatu aje apime vyumba.

Jentrix akamtazama Naeema, aliyekuwa ameketi ubavuni pake. Kisha akageuza uso kuelekea jikoni, ambako kilio kilikuwa bado kinasikika.

"Mwache mama amalize kulia," akasema.