Kifungo cha Pili

Baba yangu alipima misonobari ya shamba la serikali kwa miaka ishirini na miwili, na wenzake walimwita Futi. Kanuni ni kwamba unene wa shina hupimwa mita moja nukta tatu kutoka ardhini. Wengine walibeba fimbo ya urefu huo. Yeye, mbishi, hakubeba. Siku yake ya kwanza msimamizi alimpima, akakuta kifungo cha pili cha shati lake kiko palepale. Wakacheka, na kifungo kikawa ndiyo fimbo.

Mimi bintiye ndiye niliyepewa kuingiza vipimo vyake kwenye ripoti ya taifa ya hewa ukaa. Unene unatupa uzito wa mti, na uzito unatupa kaboni iliyohifadhiwa. Yeye alishastaafu, kifua kinamsumbua, na kila Jumapili kwenye simu swali lilikuwa moja.

"Mama, msitu wangu umeshaingia?"

"Bado, baba. Vuta subira."

"Haya. Mngekuwa miti nyinyi watu wa ofisini, hata kivuli tusingekipata."

Kilichonisimamisha ni mwaka mmoja wa ukame. Mwaka ule miti yake yote ilinenepa kuliko miaka ya mvua, na ikaendelea hivyo miaka tisa, mpaka alipostaafu. Nilichukua fimbo nikaenda shambani mwenyewe. Kila shina nililopima lilikuwa jembamba kuliko alivyoliandika yeye mara ya mwisho. Mti hausinyai. Nikakaa kwenye majani makavu, nikaelewa: shina huwa nene kadiri unavyoshuka, na aliyeshuka ni baba, mgongo umempinda na kifungo kimeshuka naye. Ukame ule ulikuja miezi miwili baada ya kumzika mama.

Miaka yote hiyo nilimpigia simu, akaniambia hajambo, nami nikashukuru na kurudi kwenye shughuli zangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu wangu ameumbuliwa na misonobari, na mimi nimeaibika kuliko yeye.

Miaka tisa ile niliifuta. Hakukuwa na namna. Jumapili sikupiga simu, nilikwenda, na fimbo mkononi. Nilimkuta kitandani, amevaa shati lile la kazi, limempwaya.

"Umeingia?" akauliza kabla hata ya salamu.

"Miaka kumi na mitatu ya mwanzo imeingia, baba. Iliyobaki, hapana."

Nikamweleza. Alisikiliza huku anatazama dari. Nilitegemea anifokee, na laiti angenifokea.

"Kwa hiyo uliuona mwaka wenyewe," akasema.

"Niliuona."

"Nilikuwa nakuambia sijambo."

"Ulikuwa unaniambia, baba. Nami niliona raha kuamini."

Akaniomba nimsimamishe. Nilimshika kwapani, mwepesi mno, nikamwegemeza ukutani na kusimamisha fimbo kando yake. Alijaribu kujinyoosha, kifungo kikabaki chini ya ncha ya fimbo kwa upana wa kiganja na vidole viwili.

"Soma."

"Mita moja na sentimita kumi na saba."

"Andika. Na tarehe uweke, usije ukasahau kama baba yako."

Niliandika kwenye daftari lake, chini ya mti wa mwisho aliopima. Kisha nikamlaza, nikamfungua kile kifungo ili apumue vizuri, na hapo ndipo nililia.