Visulisuli vya Mzee Waya

Saa tatu kasoro dakika tano, Jumanne, Desimali alivua viatu mlangoni, akavaa ndara za maabara, akawasha mashine kwa mpangilio wa siku zote: pampu, sumaku, kipima volti. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuwa tayari kuacha hata tarakimu moja baada ya nukta. Kazi yake ilikuwa kutafuta visulisuli. Ndani ya utando wa chuma mwembamba kupita kiasi, sumaku hujikunja yenyewe, kama nywele zinavyozunguka kisogoni mwa mtoto, na kila mkunjo, ndio kisulisuli, ni mdogo hata darubini ya kawaida haiuoni. Ila ukipitisha umeme kwa urefu, volti kidogo hujitokeza ubavuni kisulisuli kinapopita. Kikiwepo, andika moja, kisipokuwepo, sifuri. Mkurugenzi wa maabara aliamini kwamba siku moja simu zote zingetunza kumbukumbu zake humo, maana kisulisuli kikishajikunja, kukikunjua ni kazi kwelikweli.

Kipimo hicho hufanywa na watu wawili. Mmoja husoma kwa sauti, mwenzake hurudia neno kwa neno, ndipo msomaji aendelee. Kwa miaka kumi na moja msomaji alikuwa Mzee Waya, na wa kurudia Desimali. Sasa alikuwa marehemu, wiki ya sita hiyo. Naitrojeni ya kupoozea mashine ilivuja ikafukuza hewa chumbani, na king'ora cha hatari kilikuwa kimezimwa. Ripoti ilisema alikizima mwenyewe, kwa hiyo kafa kwa uzembe wake. Shahidi alikuwa mmoja, jina halikutajwa.

Asubuhi ile Desimali aliweka utando uliotengenezwa siku ya ajali. Mstari wa volti kwenye skrini ulipanda, ukashuka, kisha ukaanza kuandika kwa mwandiko wa Mzee Waya, ule wa kulalia kushoto. King'ora, uliandika, ukasimama. Desimali akangoja. Mstari nao ukangoja. Ndipo akakumbuka, akasema kwa sauti, "King'ora." Ukaendelea: alikizima mkurugenzi, saa nne na dakika kumi na nane.

Alirudia yote, akayaandika daftarini, akaenda kubisha hodi ofisini.

Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama. "Ni kweli, nilizima mimi," alisema. "Kilikuwa kikilia ovyo, wageni niliowatembeza siku ile walikuwa hawasikii maelezo. Kelele gani zile! Nikasahau kukiwasha." Akafunua ukurasa wa pili. "Lakini hebu tazama ishara ilivyo safi. Umejaribu kuifuta?"

"Mara tatu, kwa sumaku kubwa. Haifutiki."

"Hongera."

"Na ripoti je, mkurugenzi? Jina la mwenzetu limechafuka."

"Ripoti imeshafungwa. Ukitaka ifunguliwe, shahidi aondoe sahihi yake." Akamrudishia daftari. "Na shahidi ni wewe, mama. Utakayeulizwa kwa nini ulidanganya ni wewe, siyo mimi."

Desimali akarudi kwenye mashine. Alikuwa ametia sahihi siku ya pili ya msiba, kwa kalamu ya huyohuyo mkurugenzi, kwa sababu mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na kwa sababu aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana.

Mjane aliitwa Jumanne iliyofuata. Msidhani ni huruma: mkurugenzi alitaka kujua kama ishara itaongezeka akiwepo mtu wa karibu na marehemu. Ikaongezeka mara mbili. Mama wa watu alipewa kitambulisho cha mgeni na stuli. Skrini hakuweza kuisoma; miwani yake ilivunjika siku ya mazishi, hajapata nyingine. Kwa hiyo Desimali akawa anamsomea.

"Muulize kama anaumwa popote, wifi."

Mstari ukaandika. "Anasema hapana," alisoma Desimali.

"Haya, afadhali." Mjane akasogeza stuli karibu na skrini. "Watoto wanaambiwa shuleni baba yao alijiua kwa uzembe. Mkubwa kashapigana mara mbili. Muulize, ni nani aliyesema yeye ndiye aliyezima? Nataka jina tu. Sitamfanya kitu. Nitampigia magoti mbele za watu aseme ukweli, basi, yaishe."

Mstari haukukawia. Uliandika jina halisi la Desimali, lile la kwenye mkataba, majina yote matatu, kisha ukasimama ukingoja lirudiwe. Upande wa pili wa meza mkurugenzi alikuwa akihesabu visulisuli, wala hakuinua kichwa.

Desimali alilitazama jina lake muda wa kutosha kulisoma mara tano.

"Anasema hajui," alisema.

Mstari haukusogea. Mjane akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Hata yeye hajui. Masikini mume wangu, kafa hajui kasingiziwa na nani." Akaushika mkono wa Desimali kwa mikono yake yote miwili. "Asante, wifi. Katika jengo hili zima, ninayemwamini ni wewe tu."

"Usijali, wifi," alisema Desimali.

"Wiki ijayo naweza kuja na watoto wote watatu? Wamsikie baba yao na wao."

Mkurugenzi akajibu kabla Desimali hajafungua kinywa. "Walete wote, mama. Wakiwa wengi ishara itakuwa safi zaidi."

Desimali akaenda stoo kutafuta stuli nyingine tatu.