Saa Kumi na Tano za Mjomba

Mdogo wangu alituma ujumbe mfupi: "Naondoka huku Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Nitafika Ijumaa." Miaka tisa hatujamtia machoni. Nikamwambia mama tumuulize anafika saa ngapi. Mjomba akadakia, "Umuulize wa nini, na mimi nipo?"

Mjomba alikuwa mpima ardhi. Tangu astaafu anapima kila kitu. Alitandaza ramani ya dunia kwenye meza yangu ya kukatia nguo, juu ya gauni la watu, akalaza rula kutoka mji ule hadi huu wetu. "Kilomita elfu kumi na mbili mia saba na hamsini. Ndege inakwenda mia nane na hamsini kwa saa. Saa kumi na tano. Anatua saa tatu kamili asubuhi."

"Mjomba, na saa za kule? Si tofauti na zetu?"

"Mwanangu, wewe shona."

Nikashona. Ijumaa saa mbili na nusu tulikuwa uwanja wa ndege, mama kajipulizia manukato, mimi nimebeba gauni la bibi harusi kwenye mfuko kwa kuwa pindo lilikuwa bado. Saa tatu ikafika, ikapita. Saa nne. Walitoka watu wa kila namna, wetu hayumo. Mama kila akiona mwanamke mrefu anasimama, kisha anakaa tena, magoti yakilia.

Saa tano mjomba akajipiga paji la uso. "Tofauti ya saa! Wale wako nyuma yetu kwa saa nane. Nyuma maana yake unatoa." Akahesabu kwa vidole, sura ikambadilika. "Dada... mtoto ametua saa saba usiku."

"Usiku gani?"

"Wa kuamkia leo."

Mama alipiga yowe, watu wakaacha mizigo yao. Mwanangu kalala wapi! Kachukuliwa na nani! Mlinzi akaja mbio. Nikamwachia mjomba mfuko wa gauni, nikaenda dirisha la maulizo.

Dada wa pale alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, Mungu ambariki. "Hapo hutoi," alisema. "Anapoondoka kule saa kumi na mbili jioni, huku kwetu ni saa nane usiku. Kuanzia hapo ndipo uhesabu saa zako kumi na tano. Anatua saa kumi na moja jioni."

Mama hakuniamini mpaka nilipompeleka dirishani aambiwe mwenyewe. Nikamsihi turudi nyumbani kwanza. Akasema haondoki hata kwa winchi. Mjomba akasema, "Kumbe nimekosea kidogo tu. Ni alama ya kujumlisha."

Nikatoa sindano, nikakaa kupinda gauni la watu mapajani, na wapita njia wakinipongeza kwa harusi.

Saa kumi na moja na dakika arobaini mdogo wangu akatokea, macho mekundu, nywele zimelala upande mmoja. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Mdogo wangu akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, mama."

Mama akafumbua macho, akamtazama kutoka juu hadi chini. "Umechelewa," akasema, akaanza kulia.

"Nisamehe, mama," akajibu yeye, aliyetoka kukaa angani saa kumi na tano. Mimi maelezo nilikuwa nayo yote mdomoni. Nikaona heri nibebe sanduku.