Taa Iliyowekwa Juu Mno

Mwaka wa tisini na tisa, ofisi yetu ya ramani hapa Gisenyi ilikuwa na kompyuta moja, na mtu pekee aliyeiweza alikuwa mimi, Kankindi. Msiniambie ni majivuno, ni kweli. Kompyuta niliizoea nikiwa Dar es Salaam, kabla sijarudi katika nchi ya wazazi wangu, ambako sikuzaliwa na ambako Kinyarwanda kilikuwa bado kinanipiga chenga. Kazi yangu ilikuwa kuchora vyumba ambavyo havijajengwa: sebule za hoteli ya ufukweni, na viti vyake, na mapazia, na taa zinazowaka, mpaka mwenye hoteli aone kama ameshakaa humo.

Ugumu wote ulikuwa kwenye taa. Kompyuta ile haikujua kwamba nuru ikigonga ukuta hurudi chumbani. Ukiwasha taa moja, inapopiga panawaka, kwingine kote giza totoro. Kwa hiyo nilipachika taa za uongo, ndogo na hafifu, moja nyuma ya kiti, nyingine karibu na dari, mtazamaji asizione bali aone tu kwamba chumba kina joto. Mwisho niliizungushia taa yenyewe mng'ao, kama ule unaouona ukitazama koroboi huku macho yana machozi. Halafu mashine inapiga hesabu saa saba kwa picha moja, na umeme ukikatika unaanza upya. Nimeitukana sana mashine ile.

Mukankusi, mama wa miaka kama sitini, ndiye aliyekuwa akipiga deki ofisini na kutupikia chai. Siku moja alisimama nyuma yangu muda mrefu, ndoo mkononi.

"Kankindi, mutoto yangu, hii chumba iko wapi?"

"Haipo popote, mama. Itajengwa."

"Na we unaweza kuwasha taa mu chumba yenye haiko?"

"Naweza."

"Bon. Washa kwangu."

Kwake palikuwa na kuta nne bila mabati, naye alilala katika jiko la nyuma lililosalimika. Yeye na mumewe Vénuste, fundi viatu, walipotezana katika msongamano wa wakimbizi wa mwaka wa tisini na nne, mume akaishia Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake. Goma yenyewe si mbali, mtu mzima anafika kwa miguu. Lakini Mukankusi alikuwa ameshamfuata mara moja, wifi yake akamwambia kwamba mwanamke asiyezaa hana haki ya kudai mume, naye akaondoka siku ileile. Vénuste kwa upande wake aliapa kwamba harudi kuchekwa na majirani ndani ya nyumba isiyo na paa. Tangu hapo kila mmoja alimngoja mwenzake, ilhali wauza mboga walivuka mpaka asubuhi na kurudi jioni.

"Nataka aone kwake," aliniambia. "Aone taa inawaka. Atakuja tu."

Nilimwonea huruma, na nilimwonea wivu pia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimeishi katika vyumba tisa vya kupanga, na hakuna hata kimoja ambacho mtu angekitazama akasema: hiki ni cha Kankindi.

Akanielezea kila kitu. Chokaa ukutani, kalenda ya parokia ya Nyundo, viti viwili vyenye vitambaa alivyovifuma mwenyewe, meza, na kile kiti kifupi cha Vénuste na sanduku lake la vifaa. "Na taa uweke chini, juu ya kigoda, pembeni ya kiti yake."

Nilichora yote kwa uaminifu, isipokuwa hilo la mwisho. Mwalimu wangu alinifundisha kwamba nuru inayotoka chini hutisha, huwafanya watu wafanane na mizimu. Basi nikajitia ujuaji, nikaipandisha taa mezani. Chumba kikatoka kizuri ajabu.

"Ni muzuri sana," alisema Mukankusi. "Lakini taa..."

"Mama, niachie mimi."

Akaniachia. Alikuwa mtu wa kuwaheshimu waliosoma, hata wanapokosea.

Murekatete, muuza kabichi aliyevuka kila siku, aliichukua picha ndani ya mfuko wa plastiki. Kesho yake alirudi nayo imekunjwa mara nne.

"Yebaba weee! Muzee amekasirika! Anasema: mi nilikuwa nashona viatu hapa chini, miaka makumi mbili na tano bibi yangu anawekaka taa chini, ku mukono yangu. Sasa taa imepanda ku meza. Donc iko mwanaume mwingine anakaa ku meza, anasoma gazeti! Anasema mukae na yeye salama."

Mukankusi hakulia. Alichukua dekio akapiga deki chumba alichokuwa amekwisha kukipiga deki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa guu lililovunjika halikuwa langu.

Jumapili nilimwomba ufunguo bosi wetu, Karekezi, ambaye aliulinda wino wa rangi kuliko nyumba yake mwenyewe. Alinipa, akasema ni picha moja tu, isizidi. Baada ya misa Mukankusi alikuja akaketi kando yangu, na safari hii mimi nilikuwa mkono, yeye ndiye aliyekuwa jicho.

"Shusha. Shusha tena. Hapo."

Taa ikakaa juu ya kigoda. Akasema mng'ao wake ni msafi mno, taa yao ilitoa moshi. Nikautia umanjano, nikapaka masizi darini. Kivuli cha kiti kifupi kikapanda ukutani mpaka karibu na kalenda, na wala hakikutisha. Nilipowasha ile taa ya uongo ya mwisho, nyuma ya kiti, alinishika kifundo cha mkono.

"Hapo ndiyo alikuwa anakaa," alisema. Kisha akauliza, "Na mi? Mi sitakuwa ndani?"

Nilimweleza ukweli, kwamba watu wa mashine hii hutoka kama maiti waliovishwa nguo.

"Basi achana. Usiniweke."

Jumatatu Murekatete aliipeleka. Alirudi akasema mzee ameitazama, akaiweka ndani ya sanduku lake. Jumanne kimya. Jumatano na Alhamisi kimya. Mukankusi alipika chai bila kuuliza kitu, ila kila mlango ulipolia aligeuka. Nami nikageuka naye. Sijawahi kumngoja mtu nisiyemjua kwa hamu namna ile.

Ijumaa, saa kumi jioni, mzee mwembamba alisimama mlangoni, sanduku la mbao begani, picha mkononi.

"Ni we ulichora hii?"

"Ni mimi. Mzee, lazima nikuambie ukweli. Ile nyumba bado haina..."

"Mabati haiko, najua. Bamama ba mboga bananiambiaka kila kitu. Unazani Goma ni Ulaya?"

"Sasa mbona umekuja?"

Aliikunjua picha juu ya meza yangu. Kidole chake, cheusi kwa rangi ya viatu, kilipita juu ya kigoda, juu ya mng'ao wenye moshi, juu ya kile kivuli.

"Taa iko pahali yake. Kiti yangu iko. Nikamutafuta yeye. Siku ine namutafuta mu hii picha, nyuma ya mulango, mu giza ya kona. Hayuko." Akaikunja tena. "Nyumba bila mabati mutu analala. Yeye iko wapi?"

Nyuma yake, kwenye korido, ndoo ilitua sakafuni. Mukankusi alikuwa amesimama pale tangu lini, sijui.

"Umekonda," alimwambia.

Waliondoka pamoja, yeye amelishika sanduku upande mmoja, mumewe upande wa pili. Niliwafuata kwa macho mpaka walipokata kona. Kisha nikarudi kwenye sebule ya hoteli, ambayo ilikuwa tayari, taa zake zote zinawaka kama nilivyofundishwa. Nikaitazama kila kona, polepole. Hamkuwa na mtu, wala hakukuwa na mtu ambaye angekuja kuuliza mimi niko wapi.