Mdomo Mweupe wa Karatasi

Katika karakana ile ya usanifu na uchapaji kanuni ilikuwa moja, na hapakuwa na mfanyakazi asiyeijua: ulichokitazama kabla ya kuchora, kibandike ukutani pamoja na jina la mwenye kazi hiyo. Kuvutiwa na kazi ya mtu halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuficha. Aliyeficha, jalada lake la kazi, lenye michoro yake yote, liliwekwa chini ya kisu cha mashine ya kukatia karatasi, na mwenye kubonyeza vitufe alikuwa yule aliyeibiwa.

Msanifu mkuu alikuwa ameishi na kanuni hiyo miaka ishirini na miwili. Jalada lake lilikuwa nene kama mto wa kulalia, nalo lilikuwa ngao yake. Kwa maana macho yalikwisha kuanza kumsaliti, na mtu wa umri wake asiye na jalada hapewi hata kazi ya kuchora kibao cha kinyozi.

Ndipo jumba la sanaa lilipoagiza bango la maonyesho ya sanaa ya kisasa. Alikwenda huko mara tatu kutafuta cha kumwamsha. Alisimama mbele ya mabati yenye kutu yaliyoning'inizwa kwa nyaya. Alisimama mbele ya kioo cha video kilichoonyesha mtu akifagia mchanga usiokwisha. Aliandika maelezo kama mwanafunzi mtiifu. Akarudi mezani kichwa kitupu, mkono mzito. Wiki ya pili ikaisha hajachora hata mstari wa kufuta.

Jumapili alikwenda kumjulia hali mdogo wake wa kike, ambaye karakana nzima ilimwita Shoto kwa sababu ya mkono aliofanyia kazi. Yeye alikuwa mkunja karatasi, ngazi ya chini kabisa. Msanifu alipoingia sebuleni mwake alisahau hata kuketi. Ukuta mzima ulijaa karatasi zilizochanwa kwa mkono: nyekundu juu ya kijivu, njano iliyopasuliwa, na kila ukingo una mdomo mweupe pale rangi ilipobanduka.

"Umefanya nini hapa?"

"Takataka za mashine hizo, kaka. Nachana, nabandika. Zinanipumzisha."

"Zinakupumzisha," alirudia, akiusogelea ukuta.

Shoto alipokwenda kuchemsha maji, kaka yake alitoa simu akaupiga picha ukuta wote, kipande kwa kipande.

Kwa picha hizo bango lilikamilika kwa siku mbili. Ukutani mwa karakana alibandika ukurasa wa kitabu cha picha, kazi ya mchoraji wa mbali aliyekwisha kufa. Mteja alilisifu bango hadi akaishiwa maneno.

Nakala ya majaribio ilimfikia Shoto mezani ili aikunje. Hakuikunja. Alimfuata kaka yake, wakakutana katikati ya ngazi.

"Kaka, huu ni ukuta wangu."

"Ukuta gani tena?"

"Usinifanye mtoto. Bandika jina langu tu. Sitaki kingine."

"Jina lako?" Msanifu alicheka. "Nikibandika jina la mkunja karatasi, mteja atasema nimeokoteza jalalani."

"Kwani hukuokota?"

"Shuka chini, Shoto. Kazi inakungoja."

Hakushuka. Alipanda hadi ofisini kwa Bi Mkubwa, mwenye karakana, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Bi Mkubwa aliwakusanya wote. "Msanifu, karatasi hizi umezichana mwenyewe?"

"Mwenyewe, Bi Mkubwa. Kwa mkono wangu huu."

"Mpeni karatasi achane."

Akachana. Kisha Shoto akapewa yake, naye akachana. Bi Mkubwa aliviweka vipande viwili juu ya bango, wote waone. Avutaye kwa mkono wa kulia huacha weupe upande mmoja; avutaye kwa wa kushoto huuacha upande wa pili. Bangoni palikuwa na mipasuko thelathini, na weupe wote ulikuwa upande wa Shoto. Msanifu alikuwa amenakili kwa uaminifu hata kile asichojua kwamba ni alama.

"Ungezigeuza tu kushoto kulia kwenye kompyuta, mzee wangu," alisema mpiga chapa. "Tusingejua maisha." Watu wakaangua kicheko.

Jalada likaletwa. Shoto alipanga kazi za miaka ishirini na miwili bunda kwa bunda chini ya kisu, akabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili, kama mashine ilivyotaka. Kila kisu kiliposhuka, meza ilitikisika. Msanifu alisimama kama mti, mpaka ulipobaki mchoro mmoja wa penseli.

"Ngoja," alisema, sauti imepasuka. "Hii si kazi. Huyu ni mama. Nilimchora wodini, wiki aliyofariki. Picha zake zote zilikwenda na mafuriko, unajua. Ni wako kama alivyo wangu."

Bi Mkubwa alimgeukia Shoto. "Aliyeibiwa anaruhusiwa kusamehe karatasi moja. Ni haki yako."

Shoto aliuinua mchoro, akautazama kwa muda mrefu, akapangusa vumbi kwenye shavu la mama mchoroni kwa kidole gumba. Kaka yake akashusha pumzi.

"Macho yake hasa," alisema Shoto.

"Ndiyo, mdogo wangu. Ndiyo."

"Nilikusihi unibandikie jina tu, kaka."

Aliilaza karatasi, akainyoosha sawasawa na ukingo wa chuma, kwa kuwa hakuwahi kukata mshazari maishani mwake, akabonyeza. Kisu kilipita chini ya macho ya mama. Akaigeuza, akabonyeza tena.

Msanifu alipiga magoti kukusanya vipande. "Viache, mzee," mpiga chapa alimwambia. "Vina gunia lake."

Bi Mkubwa aliubandua ukurasa wa mchoraji wa mbali, akabandika karatasi yenye jina la Shoto.

"Adhabu imelipwa," alisema. "Rudini kazini."